Kamari ya Mwezi wa Agosti

Nguvu za mwili ni mkopo. Mtu hupewa akiwa kijana, akazitumia bila ya hesabu kama kwamba ni mali yake mwenyewe. Mdai hukaa kimya miaka mingi, kisha huja kudai siku ambayo mdaiwa hajajiweka tayari kulipa. Hakuna kazi inayolifichua deni hili mapema kama kazi ya mchezo. Hakimu wa miaka arobaini huonekana mchanga katika kiti chake, na mshairi wa umri huo aghalabu ndiyo kwanza ameanza kuijua lugha yake. Lakini mchezaji wa miaka arobaini ni mzee. Macho yake yamechelewa kidogo, goti lake lina maneno, na kila kijana anayepita mbele yake ni barua ya kumwita aondoke.

Katika nchi ya Marekani mchezo unaopendwa tangu karne ya 19 ni besiboli. Mtupaji husimama katikati ya uwanja akautupa mpira kwa nguvu na hila. Mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo, kisha hukimbia kutoka kituo hata kituo, na akivizunguka vituo vyote vinne akarejea alipoanzia, upande wake hupata alama moja. Mpira ukipigwa ukavuka ukuta wa uwanja, mpigaji huzunguka vituo vyote kwa raha bila ya kufukuzwa na mtu. Huo ndio mchezo kwa maneno machache. Kwa maneno mengi ni jambo refu lenye sheria nyingi, na sheria moja kati ya hizo ndiyo iliyozaa habari hii.

Katika miaka ya 1950 kulikuwa na ligi mbili kubwa, kila moja yenye klabu nane. Kila klabu ilicheza michezo 154 tangu Aprili mpaka mwisho wa Septemba. Klabu iliyoongoza ligi yake ilikutana mwezi wa Oktoba na kiongozi wa ligi ya pili katika michezo ya ubingwa wa dunia, na aliyetangulia kushinda michezo minne alitwaa ubingwa. Kikosi cha klabu kilikuwa na nafasi 25 tu kwa sehemu kubwa ya msimu, na mchezaji ambaye hakuwamo katika kikosi kabla ya tarehe 1 Septemba hakuruhusiwa kucheza katika michezo ile ya Oktoba. Kwa hiyo Agosti ulikuwa mwezi wa soko. Klabu zilizokata tamaa ziliuza, klabu zilizokuwa na tamaa zilinunua, na bidhaa iliyopatikana kwa urahisi ilikuwa wazee.

Kwa nini wazee? Kijana mwenye nguvu hauzwi na mtu mwenye akili timamu, ila kwa bei ya kuumiza. Mzee huuzwa kwa bei nafuu, maana mwenye kumuuza anaamini kuwa amekwisha. Mnunuzi naye anajua kuwa mzee hawezi tena kuubeba mzigo wa miezi sita, lakini yamkini anaweza kuubeba wa wiki sita. Hapo ndipo ilipo siri ya kamari hii. Mnunuzi hanunui mtu mzima. Hununua kipande cha mwisho cha mtu, akaomba kipande hicho kisimalizike kabla ya Oktoba. Jungu kuu halikosi ukoko, na mwenye njaa huukwangua.

Klabu ya New York Yankees iliukwangua ukoko huo kwa ufundi kuliko klabu zote. Tarehe 22 Agosti 1949 ilimnunua Johnny Mize kutoka New York Giants kwa dola 40,000. Mize alikuwa na miaka 36, mtu mkubwa wa mwili na mzito wa mbio, aliyedhaniwa kuwa jua lake linakuchwa. Mwezi wa Oktoba, katika mchezo wa tatu wa ubingwa uliofanyika Brooklyn, pande zote mbili zilikuwa na alama moja moja katika zamu ya tisa ambayo ndiyo ya mwisho. Mize aliinuliwa kutoka benchi ampokee mwenziwe gongo. Akaupiga mpira, na wakimbiaji wawili wakaingia. Yankees walichukua ubingwa mwaka huo, wakauchukua tena mwaka 1950, 1951, 1952 na 1953, na Mize alikuwa pamoja nao katika miaka yote mitano. Mwaka 1952, akiwa na miaka 39, aliuvusha mpira ukuta mara tatu katika michezo ile ya Oktoba. Dola 40,000 hazijapata kununua jioni ndefu kama ile.

Mchezaji kamari akishinda mara ya kwanza, hashindi tu fedha; hushinda pia itikadi. Tangu siku ile Yankees waliamini kuwa mwezi wa Agosti ni mwezi wao. Tarehe 29 Agosti 1951 walimtaka mtupaji Johnny Sain wa Boston Braves, mtu aliyekuwa karibu kutimiza miaka 34. Walimpata kwa dola 50,000 pamoja na kijana mmoja mtupaji wa miaka 24, jina lake Lew Burdette. Kijana huyo hakuwa na sifa kubwa wakati ule. Msomaji na aliweke jina hilo katika kumbukumbu, kwa sababu litarudi.

Tarehe 25 Agosti 1956 ilikuwa siku ya wazee katika uwanja wa Yankees. Ilikuwa desturi ya klabu kila mwaka kuwaalika wachezaji wake wa zamani, wavae tena mavazi yao, washangiliwe na watu na kuonyesha kwa muda mfupi kile kilichobaki katika mikono yao. Siku hiyohiyo Phil Rizzuto aliitwa ofisini.

Rizzuto alizaliwa Brooklyn mwaka 1917. Alikuwa mfupi, futi 5 na inchi 6, na katika ujana wake klabu ya Brooklyn ilimkataa kwa ajili ya ufupi huo. Yankees walimpokea, naye akaingia katika kikosi kikubwa mwaka 1941. Alilinda nafasi iliyo kati ya kituo cha pili na cha tatu, nafasi inayotaka miguu myepesi na mkono mwaminifu. Alitoka akaenda vitani katika jeshi la wanamaji mwaka 1943, akarudi mwaka 1946. Mwaka 1950 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake. Alikuwa amechukua ubingwa wa dunia mara saba. Katika msimu wa 1956 alikuwa na miaka 38, na benchi lilimjua kuliko uwanja.

Ndani ya ofisi alimkuta meneja wa kikosi, Casey Stengel, na George Weiss, msimamizi mkuu wa mambo ya klabu. Walimwambia kuwa wanataka kumwongeza mpigaji mmoja wa mkono wa kushoto kwa ajili ya Oktoba, na kwamba ili nafasi ipatikane lazima mtu mmoja aachwe. Wakampa orodha ya majina, wakamwomba yeye, mzoefu wa klabu, awasaidie kumtafuta wa kuachwa. Rizzuto alilitazama shauri hilo kwa moyo safi. Alitaja jina la kwanza. Wakampa sababu ya kumweka mtu huyo. Akataja jina la pili. Ikapatikana sababu nyingine. Kila aliyemtaja alikuwa na mtetezi. Alipofika karibu na mwisho wa orodha alitambua kuwa kulikuwa na jina moja tu lisilo na mtetezi, na jina hilo lilikuwa lake.

Haifai kuharakisha kuwahukumu waliokuwa wameketi upande wa pili wa meza. Kazi yao ilikuwa kushinda, na hesabu yao ilikuwa sahihi. Mlinzi aliyepungukiwa na miguu huweza kuachwa. Mpigaji anayeweza kuleta alama mwezi wa Oktoba huhitajiwa. Mla ni mla leo. Mla jana kala nini? Lakini iko njia ya kumtoa mtu mlangoni, na iko njia ya kumfanya ajitoe mwenyewe huku akidhani anapanga viti vya wageni. Kosa la siku ile halikuwa katika hesabu. Lilikuwa katika kumshikisha kalamu mtu ambaye jina lake ndilo lililokuwa likitafutwa. Nje watu walikuwa wakiwapigia makofi wazee kwa kuwa walikuwa wazee. Ndani mzee mmoja alikuwa akiondolewa kwa sababu hiyohiyo.

Na aliyechukua nafasi yake alikuwa nani? Laiti angalikuwa kijana, dunia ingalisema kuwa hiyo ndiyo ada ya majani: ya zamani huanguka, mapya huchipuka. Aliyeingia alikuwa Enos Slaughter, aliyezaliwa mwezi Aprili 1916. Alikuwa na miaka 40, mkubwa kuliko Rizzuto kwa mwaka na zaidi.

Slaughter alikuwa fahari ya St. Louis Cardinals tangu mwaka 1938. Watu walimkumbuka kwa mbio zake za tarehe 15 Oktoba 1946, alipotoka kituo cha kwanza mpaka nyumbani kwa pigo moja la mwenziwe, akaingiza alama iliyowapa Cardinals ubingwa mbele ya Boston. Mwaka 1954 klabu yake ilimtoa akaenda Yankees, naye alilia mbele ya watu bila ya kuona haya. Mwaka uliofuata Yankees nao walimpeleka Kansas City, klabu ya wanyonge. Sasa walimwita tena. Mtu huyu alikuwa ametupwa mara mbili, akaokotwa mara mbili, na kila aliyemwokota alimtaka kwa sababu ya kitu ambacho aliyemtupa hakukiona.

Ng'ambo ya mto, katika Brooklyn, kulikuwa na kamari nyingine ya namna hiyo. Mwezi wa Mei 1956 klabu ya Dodgers ilimchukua Sal Maglie, mtupaji wa miaka 39. Maglie alikuwa adui wa Dodgers kwa miaka mingi alipokuwa akiichezea New York Giants. Watu walimwita Kinyozi, kwa kuwa mpira wake ulipita karibu na kidevu cha mpigaji kama wembe. Wapigaji wa Brooklyn ndio walionyolewa zaidi kuliko wote. Giants walimwacha mwaka 1955, akaenda Cleveland, akakaa huko kama chombo kilichosahauliwa darini. Dodgers wakamchukua kwa bei ya mzaha.

Mzee huyo hakuwa na mpira wa kasi tena. Alikuwa na kitu kingine: alijua kila mpigaji anaogopa nini. Alishinda michezo 13 akashindwa mitano. Tarehe 25 Septemba, siku ambazo Dodgers walikuwa wakishindana na Milwaukee Braves kwa tofauti ndogo kabisa, aliwanyima wapigaji wa Philadelphia hata pigo moja halali katika mchezo mzima. Dodgers walimaliza msimu wakiwa mbele ya Milwaukee kwa mchezo mmoja. Mtu anaweza kubishana juu ya mambo mengi ya msimu ule. Ni vigumu kubisha kwamba bila ya Kinyozi hesabu ile isingalitimia.

Basi Oktoba 1956 ilizikutanisha kamari mbili. Maglie alishinda mchezo wa kwanza. Dodgers wakashinda na wa pili. Katika mchezo wa tatu, tarehe 6 Oktoba, Yankees walikuwa nyuma katika zamu ya sita. Slaughter akaja na gongo lake, akauvusha mpira ukuta huku wenziwe wawili wakiwa vituoni. Zikaingia alama tatu, na Yankees wakashinda kwa 5 kwa 3. Kama ofisi ile ya Agosti ilihitaji kujitetea, huo ulikuwa utetezi wake.

Tarehe 8 Oktoba Maglie alirudi uwanjani. Alitupa vizuri: aliruhusu mapigo matano na alama mbili tu. Siku nyingi kazi hiyo ingalitosha kumpa ushindi. Lakini mtupaji wa upande wa pili, Don Larsen, aliwakabili watu 27 akawatoa wote 27 bila ya hata mmoja kukanyaga kituo, jambo ambalo halijatokea tena katika michezo ya ubingwa wa dunia. Dunia ikalishika jina la Larsen. Wachache wanakumbuka kuwa mbele yake alisimama mtu wa miaka 39 aliyetimiza wajibu wake wote. Siku mbili baadaye Yankees waliutwaa ubingwa katika mchezo wa saba.

Hapo msimuliaji mvivu angalifunga kitabu na kusema kuwa kamari hulipa. Lakini kamari haina mwisho wa sura. Ina mwisho wa mfuko. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Septemba 1957, Yankees walimnunua Maglie mwenyewe. Walikuwa wamechelewa kwa siku moja. Mlango wa Oktoba ulikuwa umefungwa, na Maglie hakuruhusiwa kucheza katika michezo ya ubingwa. Waliokutana nao katika michezo hiyo ni Braves, ambao walikuwa wamehama Boston kwenda Milwaukee. Mtupaji wao mkuu alikuwa nani? Lew Burdette, kijana aliyetolewa mwaka 1951 ili Johnny Sain apatikane. Burdette aliwashinda Yankees mara tatu katika michezo saba, na katika mara hizo mbili hakuwapa hata alama moja. Mchezo wa mwisho, tarehe 10 Oktoba, aliwashinda kwa 5 kwa 0 katika uwanja wao wenyewe. Sain alikuwa amewasaidia kwa misimu kadhaa, haki hiyo hainyimwi. Lakini wakati bili ilipoletwa mezani, yeye hakuwapo tena, na aliyeileta alikuwa Burdette.

Hivyo ndivyo zilivyo gharama za kamari ya wazee. Faida huonekana mara moja, mbele ya watu elfu nyingi, chini ya jua la Oktoba. Hasara hukua polepole katika shamba la jirani. Mwaka 1987 klabu ya Detroit Tigers iliingia katika mtego huohuo kwa macho mawili. Tarehe 12 Agosti ilimchukua Doyle Alexander, mtupaji wa miaka 36, kutoka Atlanta. Alexander alishinda michezo tisa bila ya kushindwa hata mmoja, na Detroit wakaongoza kundi lao siku ya mwisho kabisa ya msimu. Kisha Minnesota wakawatoa kwa michezo minne kwa mmoja, na Alexander alishindwa mara mbili. Baada ya miaka miwili aliacha mchezo. Kijana aliyetolewa kwa ajili yake alikuwa na miaka 20, mwenyeji wa jimbo lilelile la Michigan, naye ni John Smoltz. Smoltz alishinda michezo 213, na mwaka 2015 akaingizwa katika jumba la sifa la mchezo huo huko Cooperstown.

Je, Detroit walikosea? Swali hili halina jibu rahisi. Mtu mwenye shamba linalokauka hawezi kulaumiwa kwa kuuza mbegu za mwakani ili anunue maji ya leo. Waliokuwa hai mwaka 1987 katika mji ule waliipata furaha ya Septemba moja isiyosahaulika, na wengine wao hawakuishi kuiona 2015. Furaha ya leo si uongo kwa kuwa kesho ina madai yake. Lakini mwenye kuinunua na ajue bei, wala asidhani kuwa amepewa bure.

Sheria zimebadilika. Tangu mwaka 2019 soko la kubadilishana wachezaji hufungwa mara moja tu, mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Hata hivyo mchezaji aliyeachwa na klabu yake bado anaweza kuokotwa Agosti, na bado zipo klabu zinazopita katika majalala ya wenzao zikitafuta ukoko. Sheria hubadilika, tamaa ya mwenye kukaribia ushindi haibadiliki.

Linabaki suala la wanadamu wenyewe, ambao katika hesabu hizi huandikwa kama tarakimu. Slaughter aliwatumikia Yankees mpaka mwaka 1959, kisha naye akaonyeshwa mlango, akiwa na miaka 43. Mwaka 1985 aliingizwa katika jumba la Cooperstown. Rizzuto aliondoka uwanjani siku ile ya Agosti akiwa na uchungu mwingi. Alikuwa na maneno makali ya kusema na wapo ambao wangaliyasikiliza kwa hamu. Alinyamaza. Msimu wa 1957 ulipoanza alikuwa ameketi mbele ya kinasa sauti cha klabu ileile, akiwatangazia watu michezo yake, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka 40. Vizazi viwili vya wasikilizaji vilimjua kwa sauti tu, bila ya kupata kumwona akidaka mpira. Naye aliingizwa Cooperstown, mwaka 1994.

Kimya chake hakiufanyi ubaya wa siku ile kuwa wema. Mtu akianguka shimoni akaokota lulu, sifa ni ya macho yake, si ya mchimba shimo. Klabu haikumwacha ili awe mtangazaji. Ilimwacha kwa kuwa ilimaliza haja naye. Yaliyofuata aliyajenga mwenyewe, na kwa vifaa ambavyo mwezi wa Agosti hauna mizani ya kuvipimia.

Tarehe 4 Agosti 1985 Yankees walifanya siku ya kumheshimu Rizzuto. Waliitunza namba yake 10 isivaliwe tena na mtu. Walimletea na ng'ombe hai uwanjani, kwa mzaha wa msemo aliozoea kuutumia akitangaza, na ng'ombe akamkanyaga mguu na kumwangusha chini mbele ya watu wote, akainuka akicheka. Kisha mchezo ukaanza. Mtupaji wa upande wa wageni, Chicago White Sox, alikuwa Tom Seaver, mwenye miaka 40. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo klabu yake ya New York Mets ilikuwa imeliacha jina lake nje ya orodha ya wachezaji iliowalinda, ikidhani hakuna atakayemtaka mzee kama yeye. Chicago wakamtaka. Jioni ile, katika uwanja wa siku ya Rizzuto, Seaver alitupa mchezo mzima tangu zamu ya kwanza mpaka ya tisa, akashinda kwa 4 kwa 1. Ulikuwa ushindi wake wa 300.